Treni inaruka kwenye kiungo, na transfoma kubwa haitasaidia

*“Mimi ni mwalimu, naishi Mkomani, Lamu, katika nyumba ya kale ya ghorofa. Ndugu yangu aliye Ujerumani alimletea mwanangu wa miaka 11 seti ya treni ndogo ya kuchezea ya HO, yaani kipimo cha 1 kwa 87 ya treni halisi. Seremala akatutengenezea ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4. Haukupita ngazini, ikabidi ukatwe katikati. Tangu hapo mambo hayaendi. Treni ikifika pale mbao mbili zinapokutana huruka nje ya reli, na hata ikivuka salama hupunguza mwendo upande wa pili mpaka inasimama. Duka la vifaa vya umeme wameniambia ninunue transfoma kubwa zaidi. Reli nazo zinaingia weusi. Tumezisugua kwa msasa, baada ya siku mbili zarudi vilevile. Mwanangu ataka bandari, minazi na stesheni ya Lamu. Watu wanatuambia hewa ya chumvi haipatani na mchezo huu. Je, ni kweli? Tuanze upya, au tuache?”*

Msiache, dada yangu, na ubao huo msiutupe. Unaandika kama mtu aliyekwisha kushindwa na bahari, lakini katika uliyoyaeleza bahari ina sehemu ndogo tu. Kuruka na kuzimika kwa treni yenu, yote mawili yanaanzia mahali pamoja, yaani pale mbao mbili zinapokutana. Pakitengenezwa hapo, yaliyobaki ni usafi, na usafi wenyewe mmekuwa mkiufanya kwa njia isiyo yake.

Nianze na transfoma, maana ndiyo itakayowala pesa bure. Kama treni inakwenda vizuri karibu na mahali nyaya zinapoingia kwenye reli, basi transfoma mliyo nayo inatosha. Umeme unapotea njiani. Reli hizi hazipitishi umeme vizuri kama waya wa shaba, na kila pale vipande viwili vya reli vinaposhikana kwa kile kiunganishi chembamba cha bati pana upinzani wake. Kiunganishi kipya hubana. Kilichofunguliwa na kufungwa mara nyingi hulegea, unyevu ukapenya, uchafu ukajijenga katikati. Injini ikianza kuvuta umeme, sehemu ya volti huishia kwenye viungo hivyo, na mota ikapata makombo. Transfoma yenye ampea nyingi zaidi haitibu hilo, na inaongeza hatari: siku behewa litakapoanguka na gurudumu kugusanisha reli mbili, umeme mwingi utapita hapo hapo, na plastiki inaweza kuyeyuka.

Hakikisheni wenyewe kabla ya kuniamini. Chukueni nyaya mbili za shaba, mziunge kwenye zile zile zinazotoka kwenye kidhibiti cha mwendo, mzipitishe chini ya meza hadi upande ule treni inakozimika, mzigusishe kwenye reli mbili za huko bila kugeuza kushoto na kulia. Treni ikipata nguvu ghafla, jibu mmelipata. Na fundi akija na mita yake, mwambie apime wakati treni inakwenda. Ikiwa imesimama, mita itasoma volti zile zile mwanzo na mwisho wa reli, naye atakwambia hakuna tatizo, akuachie bili yake aende zake.

Kitu kimoja cha kuangalia kabla ya kugusa waya wowote: tazameni katikati ya mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli. Mkiona vidoti vidogo vya chuma vimepangwa mstari, seti yenu ni ya mtindo wa kampuni ya Märklin, ambao ni wa kawaida sana Ujerumani. Hapo umeme unaingia kwa vidoti na kurudi kwa reli zote mbili, kwa hiyo waya mmoja unakwenda kwenye vidoti na wa pili kwenye reli. Kama hakuna vidoti, kila reli ina waya wake.

Dawa ya kudumu ni nyaya mbili nene za shaba zinazopita chini ya layauti nzima, yaani reli zote na ubao wake (ule waya wa 1.5 wa taa za nyumbani unafaa sana), na kutoka kwazo nyaya fupi nyembamba zinazopanda kwenye kila kipande cha reli. Msitegemee reli kupelekeana umeme. Kati ya ubao na ubao wekeni plagi ndogo ya kuchomoa. Hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ya mtoto: plagi hiyo isiwe kabisa ya aina inayoingia kwenye soketi ya ukutani. Nimeona watu wakitumia plagi za pini 3 kwa kuwa ndizo zilizo dukani. Siku moja mtoto ataiona imelala sakafuni, ataichomeka ukutani, na reli zote zitakuwa na volti 240.

Sasa kuruka. Gurudumu la HO linashikwa na ukingo mdogo unaopita upande wa ndani wa reli, na kimo cha ukingo huo ni kama milimita 1. Hicho tu ndicho kinachozuia treni isianguke. Ubao mmoja ukiwa juu ya mwenzake kwa nusu milimita, au reli zikikosana ubavuni kwa kiasi hicho, ukingo unapanda juu ya ncha ya reli na mchezo umekwisha. Jicho haliwezi kuiona nusu milimita kutoka umbali wa kusimama. Pitisha ukucha juu ya kiungo: ukikwama, gurudumu nalo litakwama.

Na kwa nini mbao zilizokuwa sawa juzi leo zimekosana? Watu hulaumu reli, kwamba joto limezirefusha. Reli ya mita 1 ikipata joto la nyuzi 10 zaidi hurefuka kwa chini ya milimita 0.2, kwa hiyo hiyo si kesi. Ni ubao. Plaiwudi hunywa unyevu wakati wa masika, kisha huutoa kaskazi inapovuma na jua la Januari kuwaka. Kwa urefu haiongezeki sana, lakini hupinda, hasa ikiwa imepakwa rangi juu na kuachwa uchi chini, maana upande mmoja unakunywa na mwingine haunywi. Nina hakika ubao wenu uko hivyo, kwa sababu kila ubao wa kwanza uko hivyo. Na ulipokatwa katikati baada ya reli kupangwa, huenda msumeno ulipita penye kona, na reli iliyopindwa hujaribu kujinyoosha daima. Ncha zake zinapoachiwa, kila moja inaelekea kwake.

Ndiyo maana wanaojenga layauti za moduli, ambazo ni vipande vidogo vinavyobebeka na kuunganishwa, wana ukali wa ajabu juu ya miisho ya kila kipande na uhuru mkubwa katikati. Moduli ni kama mlango wa Lamu: nakshi fundi atachonga apendavyo, lakini fremu ikienda upogo mlango haufungi. Katikati ya moduli mwanao aweke bandari, shamba la minazi au hata mwezi akitaka. Kwenye mwisho hakuna mapenzi ya mtu.

Miisho hiyo ifanywe hivi. Reli ifike kwenye ukingo ikiwa imenyooka, pembe mraba kabisa na ukingo huo, kwa sentimita 10 za mwisho walau. Ikae umbali ule ule kutoka ukingo wa mbele katika kila moduli. Chagueni sentimita 12, kwa mfano, na msiibadilishe tena. Mbao za miisho, zile zinazosimama wima na kutazamana, seremala azikate zote siku moja, azibane pamoja kama msahafu uliofungwa, kisha atoboe matundu kwa keekee mara moja kupitia zote. Matundu mawili ni ya pini za chuma zinazoingia kwa kubana, na mawili ya bolti. Tundu la bolti liwe kubwa kuliko bolti yenyewe: bolti ya milimita 8, tundu la 10. Kazi ya bolti ni kuvuta tu. Kulenga ni kazi ya pini, na mkibana matundu ya bolti pia vitagombana.

Kisha inakuja kazi ninayoipenda kuliko zote. Funga moduli mbili kwa bolti. Laza reli moja ndefu inayopita juu ya zote mbili bila kukatwa. Ondoa mataruma machache yaliyo juu ya kiungo, na mahali pake, kila upande, chini ya kila reli, zungusha parafujo ya shaba ya manjano kwenye ubao mpaka kichwa chake kiguse tumbo la reli, kiguse tu, kisiinue. Lehemu reli kwenye vichwa hivyo vinne, ukianza kwa kupasha parafujo joto, si reli, ili mataruma ya plastiki yaliyo jirani yasiyeyuke. Ikipoa, chukua msumeno mwembamba wa chuma na ukate reli zote mbili moja kwa moja juu ya mstari mbao zinapokutana. Ncha zilizozaliwa hapo zilikuwa reli moja dakika iliyopita, kwa hiyo zinatazamana kikamilifu. Pitisha tupa ndogo upande wa ndani kuondoa ukali. Kiunganishi cha bati hapo hakihitajiki tena. Umeme unapita kwenye plagi chini. Ikiwa reli za seti yenu zina tuta la plastiki lililoshikana nazo, zitumieni katikati, na kwa miisho nunueni vipande vichache vya reli inayopindika, huuzwa kwa urefu wa karibu mita 1.

Na ubao mlio nao? Kila nusu sasa ni sentimita 122 kwa 122. Ushauri wangu ni kuiacha nusu moja nzima. Duara la reli za seti huwa na nusu kipenyo cha sentimita 36 au 37, linakaa hapo kwa raha, na mtoto wa miaka 11 anataka kuona treni ikizunguka, tusijidanganye. Nusu ya pili ipasueni vipande 3 vya upana wa sentimita 40. Hizo ni moduli 3 za kuanzia, zinazotoka kwenye duara kupitia reli moja ya kugawa njia na kwenda moja kwa moja ukutani, zaidi ya mita 3 na nusu. Vyumba vya nyumba kama yenu ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko na aghalabu haufiki mita 3. Watu huona huo ni ubaya kwa treni. Mimi nauona ni neema: reli ni kitu kirefu na chembamba. Moduli ya sentimita 122 kwa 40 inapita ngazini, inapita kichochoroni mbele ya punda mwenye mzigo, na inasimama nyuma ya mlango wageni wakija. Msiongeze duara la kugeuzia huko mwisho bila kuuliza kwanza, kwa maana katika treni ya reli mbili reli ya kulia itarudi kukutana na ya kushoto, na hapo ni shoti.

Wapo watakaokushauri uuze seti hii uende kwenye kipimo cha N, 1 kwa 160, ambacho upana wa reli ni milimita 9 tu. Kwa nafasi, N inashinda bila mjadala. Lakini injini zake ni nyepesi, na injini nyepesi husumbuliwa zaidi na uchafu wa reli. Kwa nyumba iliyo hatua chache kutoka ufukweni, na vifaa mnavyo tayari, nisingebadilisha.

Kuhusu weusi, kwanza mjue reli zenu ni za nini. Sogezeni sumaku. Ikinata, reli ni za chuma na kutu itakuwa jirani yenu wa kudumu. Zibadilisheni pole pole pesa zinapopatikana. Isiponata, yaelekea ni ule mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao hauoti kutu. Weusi mnaouona ni mseto wa vumbi, mafuta ya mota, masizi ya cheche ndogo chini ya magurudumu, na chumvi. Msasa huuondoa na kuacha mikwaruzo, na katika mikwaruzo hiyo uchafu mpya unapata pa kulala. Ndiyo maana ulirudi kwa siku mbili. Msasa basi.

Chumvi haiyeyuki katika spiriti, huyeyuka katika maji, na hili wengi hulikosea. Kwa hiyo futeni kwa hatua mbili: kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kidogo sana kwa maji ya mvua au ya chupa (si ya kisima, ya kisima yanaweza kuwa na chumvi yake), kaushe papo hapo, kisha kitambaa chenye isopropili, ile ile mafundi wa simu wanayosafishia bodi. Spiriti ya famasi mara nyingine huwa imetiwa mafuta ya kulainisha ngozi, nayo huacha utando. Magurudumu yafutwe vivyo hivyo, la sivyo yatarudisha kila kitu relini. Subirini ikauke kabla ya kuwasha umeme, kwani isopropili hushika moto. Treni ikimaliza kucheza, funikeni layauti kwa shuka. Vichwa vya treni na mabehewa vilale kwenye sanduku linalofungwa vizuri, pamoja na zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu vipya. Zidaka za ukutani ni pazuri pa kuvionyesha, lakini si pa kuvilaza.

Mandhari nayo ni uwanja wa mwanao zaidi kuliko wangu, nitagusa machache. Kabla ya chochote, pakeni mbao vanishi au rangi pande zote, juu, chini na kwenye kingo zilizokatwa. Vilima vijengwe kwa lile povu gumu jeupe linalofungiwa friji, kwa gundi nyeupe ya maseremala. Gundi kali za dukani hulila povu hilo likawa shimo. Juu yake matambara yaliyochovywa kwenye jasi. Msitumie uji wa unga kama gundi hata kama ni rahisi, maana mende na panya wa mji mzima watapewa habari. Mchanga wa ufuoni unapendeza kama kokoto za reli, ila uoshwe kwa maji baridi mara kadhaa, uanikwe, kisha upitishiwe sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Pwani yetu ina mchanga mweusi wenye madini, na chembe zinazonata kwenye sumaku zitavutwa na sumaku ya mota pia, na zikiingia humo hazitoki. Zinazobaki ndizo za kutumia: zipangwe kavu kati ya mataruma, zinyunyiziwe maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha gundi nyeupe iliyozimuliwa idondoshwe kwa sindano ya famasi isiyo na ncha. Bila sabuni gundi hujikusanya matone na kusukuma mchanga kando.

Vipimo ndivyo vinavyoharibu mandhari nyingi. HO ni 1 kwa 87. Mtu mzima anakuwa na kimo cha sentimita 2, mlango wa mita 2 ni milimita 23, lakini mnazi wa mita 15 ni sentimita 17, na karibu kila mtu huufanya mfupi mno. Shina ni nyaya za shaba zilizosokotwa na kuzungushiwa uzi. Zile zile, zikitawanywa chini, ni mizizi ya mikoko. Makuti ya paa ni nyuzi za makumbi zilizokatwa fupi. Jahazi msinunue zile za mapambo zinazouzwa kwa wageni, kwa sababu nyingi ni kubwa sana kwa kipimo hiki. Mwendeeni mmoja wa mafundi hao na kumwagiza la sentimita 15 hadi 17. Kontena la futi 40 ni sentimita 14, na katoni yenye mikunjo inalifaa kabisa.

Stesheni ya Lamu ni ndoto nzuri, na kwa bahati imekaa sawa na hesabu. Upana wa reli zenu, milimita 16.5, ukiuzidisha kwa 87 unapata milimita 1435, ambao ni upana wa SGR, reli ya kisasa, si ule wa mita 1 wa reli ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Na reli iliyopangwa kutoka bandari mpya ya Lamu ni ya upana huo huo wa SGR. Bandari yenyewe ilianza kazi kwa gati la kwanza Mei 2021, reli bado. Kwa hiyo mwanao hana picha ya kunakili, na hakuna wa kumwambia amekosea. Akumbuke tu bandari iko bara, ng’ambo ya kisiwa, kwa hiyo mji wa kale achore nyuma kama unavyoonekana kwa mbali. Achague mizigo kuliko abiria: behewa la abiria la mita 25 ni karibu sentimita 29, na matatu pamoja na injini yanajaza moduli nzima.

Mahali pa kumwita mtu ana kwa ana ni hapa. Transfoma iangaliwe kibandiko chake. Ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, si ya soketi zetu, isichomekwe. Ikinuka, ikipata joto la kushindwa kuishika, au ikiwa waya wake umechubuka, mpelekee fundi wa umeme mwenye leseni, msiifungue nyumbani. Ikiwa kidhibiti chenu kina skrini na namba za injini, hiyo ni ya dijitali, msiiunganishe na kidhibiti cha kawaida kwenye reli zile zile. Kulehemu, mwombe fundi wa simu wa mtaani akuonyesheni mara moja, dirisha likiwa wazi, na mtoto anawe mikono baadaye kwa sababu ya madini ya risasi yanayoweza kuwa kwenye lehemu. Na zile mbao za miisho, hata kama nyingine zote mtakata wenyewe, mpeni seremala anayetengeneza milango, mwambie mnataka nusu milimita. Atacheka kidogo, kisha atawapa.